Fundo la Kufungia Ndama

Nywele zangu zilikatika siku ya soko. Saluni ilikuwa imejaa, na mimi mwenyewe nilikuwa nimejipaka dawa ya kulainisha nywele kichwani nikajisahau. Nilikuwa msusi pale Bariadi mjini, karibu na stendi, na nilijiona fundi kweli kweli. Mteja mmoja aliingia ana haraka ya harusi, nikasema ngoja nimmalizie huyu, dakika mbili tu. Dakika mbili zikawa ishirini. Nilipoinama kwenye beseni kujiosha, nywele za utosini zilikuja na maji, zikaelea. Mwenye saluni alisimama mlangoni, akaangalia beseni, akaniangalia mimi, akasema, "Funga kitambaa, wateja wasikuone." Hakusema hata pole. Mpaka leo sijamsamehe sawasawa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu vilipoanza kuingia. Nikiwa shule ya msingi tulipanga foleni kwenye duka la ushirika kwa kipande cha sabuni, na mara nyingi sabuni iliisha tukiwa bado kwenye mstari. Halafu ghafla maduka yakajaa. Kukawa na sabuni za rangi zinazonukia maua nisiyoyajua, mafuta ya nywele kwenye makopo yenye picha za wanawake wanaocheka, mitumba ya kila aina, redio za kaseti. Wanunuzi binafsi wa pamba nao wakaja na magari yao na mizani yao. Wilaya yetu ilikuwa bado chini ya mkoa wa Shinyanga, na Simiyu kwetu lilikuwa jina la mto tu. Mimi nilikuwa mtu wa kushangaa. Nilisimama mbele ya rafu ya shampuu nikisoma chupa moja moja, mpaka mwenye duka akaniuliza kama nanunua au nasali.

Kitambaa nilikifunga miezi mitatu. Nywele mpya zilipoota, nzito na zenye afya, nikaapa kwamba dawa haitagusa tena kichwa changu. Sokoni kulikuwa na kijana muuza kaseti, katokea Mwanza, ana dredi mpaka mabegani. Wengine walipomwona walivuka barabara. Mimi nilimfuata nikamwambia nataka kama zake. Alinisokota jioni mbili, nyuma ya kibanda chake, kwa asali na nta ya nyuki, akanionya nisizioshe mpaka mwezi upite. Nilipojitazama kwenye kioo nilinyamaza. Nilikuwa na nywele tena, fupi kuliko kidole, zimesimama kila upande kama zimesikia habari mbaya, lakini zilikuwa zangu, na hakuna hata moja iliyokatika. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Mama hakunyamaza. Alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani, mwanamke wa kupiga pasi hata leso. "Yaani nimekusomesha uje uwe mfumu?" aliniuliza. Mfumu kwetu ni mganga, na vijijini mtu akiacha kuchana nywele, wazee hudhani masamva wamemwita, yaani mizimu ya ukoo inamtaka afanye kazi yao. Nilimwambia mama kwamba mizimu ingekuwa inanitaka ingeniachia nywele za mwanzo. Sikupaswa kumjibu hivyo. Tulikaa siku nne tunasalimiana kama majirani.

Sikusubiri mwezi uishe. Subira sikujaliwa. Wiki ya tatu kichwa kilikuwa kinawasha, na asubuhi moja niliamka nikakuta mstari wa sisimizi umetoka dirishani, umepita ukutani, umeshuka kwenye mto wangu. Walifuata asali. Nikabeba chupa yangu ya shampuu, nikajifungia uani, nikaosha kichwa kama nilivyozoea kuosha vichwa vya watu: povu jingi, kucha, sugua huku, sugua kule. Nilikuwa msusi, nani angenifundisha kuosha nywele? Nilipojisuuza, nikasikia chini ya vidole vyangu vitu vinafumuka. Zaidi ya nusu ya dredi zilikuwa zimefunguka na kuwa manyoya. Zilizobaki zilikuwa zimelala, zimechoka.

Mama alinikuta nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nalia kwa hasira. Sasa alikuwa na huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko ukali. "Basi, mwanangu. Nenda kwa babu yako. Akisema unyoe, utanyoa. Akisema uziache, sitafungua mdomo tena." Alisema hivyo kwa sababu alikuwa na hakika. Babu, baba yake baba yangu, alikuwa mfugaji wa Mwamapalala asiyependa mambo mapya. Redio yenyewe aliikataa kwa kuwa ilikuwa inamkatiza akiongea. Nilikubali kwa kiburi tu, na nilipokubali nikajua nimeshapoteza nywele zangu mara ya pili.

Nilipanda pikapu ya wanunuzi wa pamba, nimekaa juu ya magunia matupu. Njiani alipanda bibi mmoja, akanitazama kichwani, akahamia upande wa pili wa gari. Baada ya muda akanisogelea akiwa amekunja mikono kifuani. "Mwangaluka," akaniamkia kwa heshima, yeye anayeweza kumzaa mama yangu. Akaanza kunieleza juu ya ng'ombe wake aliyetupa mimba mara mbili, je, ni mkono wa mtu? Nikamwambia, "Bibi, mimi ni msusi." Akatikisa kichwa taratibu. "Ndivyo wote wanavyosema mwanzoni," akasema. Aliposhuka alinipa mayai mawili, na sikuweza kuyakataa.

Babu alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa zizi, anasokota kamba. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake tangu miguu ikatae kutembea na mifugo. Alivunja mkonge, akaupara mpaka zikabaki nyuzi nyeupe, akazisokota pajani kwa kiganja, kamba baada ya kamba. Kila ng'ombe wa ukoo wetu alikuwa amevaa kamba yake shingoni. Hapo nyumbani aliishi na shangazi yangu, binti yake wa pekee, aliyerudi baada ya ndoa yake kuvunjika. Shangazi ndiye aliyempikia, ndiye aliyemsindikiza chooni, na ndiye aliyekuwa mnyoaji wa ukoo. Msiba ukitokea, wafiwa wote tulikaa chini mbele yake, wakubwa kwa wadogo, naye akatunyoa mpaka kipara. Hakuna aliyewahi kumkatalia.

"Mke wangu amekuja!" babu akapaza sauti, maana sisi wajukuu wa kike wote alituita wake zake. "Njoo nikuone. Nasikia umekuwa mfumu."

Kumbe habari zilikuwa zimenitangulia. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikafungua kitambaa, nikangoja hukumu. Shangazi alisimama nyuma yangu na ndoo. Babu alinishika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza kama mtu anayenunua mbuzi. Akashika dredi moja iliyosalia, akaifumua kidogo kwa ukucha. Akashika nyingine. Uso wake ukabadilika, na nilijua kukasirika kwake nikikuona.

"Nani kafanya kazi hii?"

Nikamwambia, kijana wa sokoni.

"Huyo ni mwizi," babu akasema. "Tazama. Hii kaisokota kulia, hii kushoto. Hii kaanza kulia katikati akageuka. Kamba ya namna hii hufungi hata kuku! Halafu ukaiingiza majini bila kufunga ncha?"

Nikasema ndiyo.

"Na wewe ni mjinga, mke wangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila aina ya karipio. Nilikuwa nimejiandaa kusikia habari za uhuni, za kanisa, za masamva, za wanaume watakaonikimbia. Sikuwa nimejiandaa kwa fundi aliyeudhika na kazi mbovu. Nilianza kucheka, nikashindwa kuacha, na shangazi naye akacheka mpaka maji yakamwagika.

Babu hakucheka. Alimtuma shangazi alete uzi mweusi wa kushonea, akaweka kando kamba aliyokuwa akiisokota, akaniambia nikae chini katikati ya magoti yake. Hapo ndipo nilipoanza kushangaa mshangao ambao sijapata tena katika maisha yangu, na nimeona vingi. Katika boma lile mwanamume hakuwahi kumshika mwanamke kichwa. Wake za baba zangu wakubwa, waliokaa jirani, walitoka jikoni wakasimama na miiko mikononi. Jirani aliyekuja kuomba moto akasahau moto.

Alisokota nywele fungu kwa fungu, zote kuelekea kushoto, kwa ncha za vidole, na kila alipofika mwisho alifunga uzi. Hakufunga fundo la kushonea. Alifunga fundo lake la kufungia ndama, ambalo mnyama akivuta halimkabi na wala halifunguki, lakini babu mwenyewe alilifungua kwa kidole kimoja. Lilikuwa fundo dogo kama punje ya mtama. Wanawe wote walijaribu kujifunza fundo lile wakashindwa, wakaishia kumlaumu kwamba anaficha. Hakuwa anaficha kitu. Alilifunga mbele ya macho yako ukaliona, na mkono wako ukakataa.

Alipomaliza kichwa kizima, jua lilikuwa limeshapita utosini. Ndipo akasema, "Sasa maji."

Nilimpa chupa yangu ya shampuu. Akainusa, akaweka tone kwenye ulimi kabla sijamzuia, akatema. "Harufu ya kuliwa, ladha ya adui," akasema, lakini hakuitupa. Alimwaga kidogo kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu, akakoroga mpaka povu likapotea. Kisha akanimwagia kwa kata juu ya beseni, polepole, akifuata mistari ya ngozi kati ya dredi na dredi. Hakusugua. Alibonyeza ngozi kwa ncha za vidole, akainua, akabonyeza pengine. Zile dredi zenyewe alizikamua kwa kushuka chini, kutoka kwenye shina kwenda kwenye ncha, na hakurudi juu hata mara moja. "Ukirudi juu unafumua," akasema. "Uzi wowote ukilowa unakumbuka ulivyokuwa kabla hujausokota. Ncha ikiwa imefungwa, utakumbuka lakini hauna pa kwenda."

Mimi nilikuwa nimeosha vichwa vya nusu ya wanawake wa Bariadi, na tangu mama aliponiacha nioge mwenyewe hakuna mtu aliyewahi kuniosha mimi. Nilihisi maji yanapita nyuma ya masikio. Nilihisi vidole vile, vyenye nyufa, kimoja hakina ukucha kwa sababu ya dume moja la ng'ombe la zamani, na havikunikwaruza hata kidogo. Mtu yule hakujua kusoma. Saluni alikuwa hajawahi kuiona kwa macho. Mimi nilikuwa na chupa saba zenye maelezo ya lugha tatu, na maelezo yote yale hayakujua alichojua yeye kwa kufunga ng'ombe. Niliona aibu, na katikati ya aibu nilikuwa na furaha kubwa kiasi kwamba niliogopa kupumua.

Zilipokauka juani, nikazigusa. Hakuna hata moja iliyofumuka. Maji yaliyobaki kwenye beseni yalikuwa meusi kwa vumbi na asali, na hayakuwa na unywele hata mmoja unaoelea.

"Usitoe uzi," babu akaniambia. "Udondoke wenyewe. Na usimpe kichwa chako mtu anayesokota kulia. Kila mwezi utakuja."

Shangazi alikuwa anamwaga yale maji. Alinitazama kwa jicho lake la utani, ambalo siku zote lilikuwa na ukweli ndani. "Furahi tu," akasema. "Siku mzee huyu akifa, ni mimi nitakayezinyoa. Hutakuwa wa kwanza kunikatalia."

Babu akasema yeye bado yupo kwanza. Wote wakacheka, mimi sikucheka.

Mama alipoona kichwa changu, akauliza nani. Nikamwambia. Akashika ncha moja, akaigeuzageuza, kisha akaenda kuongeza kuni. Alitimiza ahadi yake. Hakufungua mdomo tena, ingawa alinishonea vitambaa vitatu vya kwenda navyo kanisani.

Nilikwenda Mwamapalala kila mwezi. Nilipeleka sukari na ugoro, tukaosha, tukasengenya ukoo mzima. Dredi zikashika, zikarefuka, zikawa laini pembeni na nzito nchani. Wateja wa saluni waliokuwa wakinicheka wakaanza kuuliza. Nikiwajibu kwamba babu yangu ndiye anayeniosha, walidhani natania. Lakini kila mwezi niliona pia vidole vyake vinachelewa zaidi. Mara ya mwisho alishindwa kukaa bila kuegemea ukuta, na fundo moja lilimchukua muda ambao zamani angefunga kumi. Shangazi alitaka kumsaidia, akamfukuza. Alimaliza kichwa chote. Kila usiku kwa wiki mbili zilizofuata nililala najishika zile nyuzi, najua ninachokiogopa, na sikukitaja kwa mtu.

Alifariki mvua zikiwa zinakaribia kuisha, pamba ikiwa imeanza kupasuka. Nilimlilia sana. Na nitasema ukweli: katikati ya kumlilia, nilikuwa nalilia kichwa changu pia, na nilijichukia kwa hilo. Nilijiambia nitakataa. Niliyapanga maneno yangu usiku na mchana: kwamba nywele hizi zilishanikatika mara moja, kwamba ni yeye aliyezitengeneza, kwamba heshima haimo kwenye wembe. Kisha nikawatazama wajukuu wenzangu waliokuwa tayari kunyolewa bila neno, na maneno yangu yakawa hayana sura.

Asubuhi ya siku ya kunyoa, ukoo ulikaa ukagawana urithi. Ng'ombe walikwenda kwa wanaume, kama ilivyo desturi. Niliwaona baba zangu wakubwa wakiwatoa zizini mmoja mmoja, kila ng'ombe na kamba ya babu shingoni, wakawapeleka kwenye mazizi yao. Shangazi alisimama kwenye mlango wa zizi mpaka wa mwisho akapita. Yeye, aliyempikia na kumsindikiza chooni miaka yote ile, alipewa jembe na ndoo. Alishukuru. "Wabeja," aliwaambia, akaenda kuosha mikono, kwa sababu watu walikuwa wamekwishakaa kwenye mkeka wakimngoja.

Siku hizo tulikuwa tumeanza kuogopa wembe mmoja kwa watu wengi, kwa hiyo kulikuwa na pakiti za wembe mpya, mmoja kwa kila kichwa. Alianza na kaka yake mkubwa. Nywele zikaanguka, kipara kikang'aa, akahamia kwa mwingine. Nilimwona anakuja, kichwa baada ya kichwa. Alipofika kwangu, nikafungua kitambaa, nikakikamata kwa mikono miwili.

Shangazi alifungua wembe mpya. Akashika dredi ya mbele, akaishusha mpaka kwenye ncha ili apate pa kushikia, na kidole chake kikagusa uzi. Kikasimama. Akapapasa lile fundo, akalizungusha kwa kidole gumba, akainama akalitazama kwa karibu. Akashika ncha nyingine, na nyingine. Alikuwa anayahesabu mafundo ya baba yake. Kisha akakaa kwenye mkeka mbele yangu, uso kwa uso, wembe mkononi.

"Mafundo yake yote yamekwenda na ng'ombe," akaniambia kwa sauti ya chini. "Sina hata kamba moja, ng'wana wane, mwanangu. Hata ya kufungia mbuzi."

Nilimshika mkono wenye wembe, nikaupeleka kichwani kwangu. "Chukua, shangazi," nikasema. "Chukua zote." Na nilimaanisha. Kitu nilichokuwa nimekiogopa kwa wiki zote zile kilikuwa kimeniondoka, na nilibaki nikimshangaa yeye, na kujishangaa mwenyewe.

Akatikisa kichwa. "Moja itanitosha. Nyingine uzioshe kama alivyokuonyesha."

Aliitafuta nyuma ya sikio langu la kushoto, mahali ambapo pengo halionekani. Nilisikia wembe unapita mara moja. Aliifungia kwenye pindo la khanga yake, fundo la babu likiwa bado kwenye ncha, akajifuta macho kwa mkono uleule, akainuka.

Baba mkubwa, kipara chake kikiwa bado na matone ya maji, alikuwa ametuangalia muda wote. "Mbona huyo umemruka?" akauliza. "Huyo hujamnyoa."

"Nimeshamnyoa," shangazi akamjibu, akafungua wembe mwingine, akainama kwenye kichwa kilichofuata.